Ulipiga nini? Juu ya mkono uliovunjika kwa ngumi

Leo tuongee juu ya mkono.

Kila hospitali ya hapa Lubumbashi inamjua mgonjwa huyu. Ni kijana, mara nyingi mwanaume, anafika Jumatatu asubuhi na jambo lenyewe lilitokea Jumamosi usiku. Mkono wa kuume umevimba upande wa kidole kidogo, mgongo wake umejaa kama mkate. Ukimuuliza anajibu haraka: "Niliangukaka tu ku moto, docteur." Lakini kiwiko hakina hata mkwaruzo, suruali haikupasuka pa magoti. Munganga anatazama, ananyamaza kidogo. Mtu anaweza kuvunjika pale kwa kuanguka, ndiyo, lakini kwa kawaida ule mfupa unavunjika kwa ngumi.

Hatuandiki haya ili kumhukumu mtu. Mara ni ugomvi wa parsele juu ya maji au kodi ya nyumba. Mara ni Mazembe na Lupopo. Mara hakupigwa mtu yeyote: kijana ameona matokeo ya Exetat, jina lake haliko, akageukia ukuta. Aibu inaeleweka. Shida ni kwamba ule uongo mdogo unaficha neno moja ambalo munganga analihitaji kuliko yote: ulipiga nini? Kama ni ukuta, tuna mfupa wa kutibu. Kama ni mdomo wa mtu, tuna mfupa na jino, na jino njo linafanya watu wakatwe vidole.

Kwa hiyo tuanze na jino, mfupa utangoja.

Kunja ngumi uangalie mkono wako. Vifundo vimetokeza, ngozi juu yake imekazwa. Chini ya ile ngozi kuna ukano unaonyoosha kidole, chini ya ukano kuna mfuko wa kiungo, halafu mfupa wenyewe. Vyote hivyo kwa pamoja ni milimita chache tu. Jino la mbele likigonga hapo linaweza kutoboa ngozi, ukano na mfuko wa kiungo kwa pigo moja. Halafu, ugomvi umekwisha, mtu anafungua mkono. Ngozi inarudi nyuma kwa kadiri yake, ukano unarudi nyuma kwa kadiri yake, na yale matundu yaliyokuwa kwenye mstari mmoja hayalingani tena. Mate ya yule mwingine yamefungiwa ndani. Kwa nje unaona kidonda cha nusu sentimita, pengine hakitoi damu tena. Mtu anakipangusa, anakifunga kitambaa, anaenda kulala.

Kinywa cha binadamu kinabeba vidudu vya aina nyingi. Kimoja kinaitwa Eikenella corrodens, na ubaya wake kwetu ni huu: hakisikii kloksasilini wala metronidazoli, na hizo njo dawa watu wanakimbilia kununua pa famasi ya mtaa, vidonge viwili vitatu kwa reja reja, bila kumwona mtu. Anazimeza siku mbili, anafikiri anajitibu, na wakati ule usaha unakula gegedu ya kiungo. Kufikia siku ya pili au ya tatu kidole kimekuwa moto, kimekunjika kidogo, na ukijaribu kukinyoosha mgonjwa anaruka. Kiungo kilichofikia hapo kinaweza kubaki kigumu maisha yote. Kinaweza pia kumpeleka mtu kwenye kukatwa kidole.

Kanuni ambayo baganga wanaifuata ni rahisi: kidonda chochote juu ya kifundo cha ngumi, baada ya ugomvi, ni kidonda cha jino mpaka ionekane vingine. Hata kikiwa kidogo. Hata mgonjwa akikataa. Ukiwa nacho, osha kwa maji safi mengi na sabuni, funika, na uende hospitali siku ile ile. Usingoje uvimbe ukupe ruhusa. Kule wataangalia kidonda kidole kikiwa kimekunjwa, namna kilivyokuwa wakati wa kupiga, ili matundu yarudi kwenye mstari mmoja na macho yaone mpaka chini. Kama kiungo kimeguswa, kidonda kinapanuliwa na kuoshwa sana, mara nyingi ndani ya chumba cha upasuaji, na kinaachwa wazi. Hakishonwi. Kushona kidonda cha namna hii ni kuwafungia vidudu mlango. Dawa ya kawaida ni amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulani, kwa mtu asiyedhuriwa na penisilini, na radio ya mkono inapigwa kwa sababu mara nyingine kipande cha jino kinakutwa ndani pamoja na mfupa uliovunjika.

Pepopunda nayo isisahauliwe. Mama zetu na dada zetu wanachomwa sindano yake wakienda kupima mimba. Mwanaume mzima, kama hakuwahi kupata kidonda kikubwa, anaweza kuwa hajachanjwa tena tangu utotoni. Na kama kulikuwa na damu kwenye ule mdomo, sema hivyo. Hatari ya virusi vya ukimwi kwa njia hii ni ndogo sana, lakini dawa za kuzuia zina maana zikianza ndani ya saa 72, na kuna homa ya ini ya aina ya B pia. Anayekuja siku ya tano amejinyima hiyo nafasi. Munganga hatakwenda polisi kumwambia commissaire kwamba ulimpiga shemeji yako. Siri ya mgonjwa ni sehemu ya kazi yake.

Sasa mfupa.

Jaribu kitu kimoja hapo ulipo. Kwa mkono wa kushoto, shika mgongo wa mkono wa kuume, kwenye ule mfupa mrefu unaotoka kifundo cha kidole cha shahada kuelekea kwenye kiwiko cha mkono, yaani pale pa saa. Usukume juu na chini. Hausogei. Fanya vile vile kwa ule wa kidole kidogo: unacheza. Kiganja kina mifupa mirefu 5, na ile ya kidole cha shahada na cha kati imefungwa imara kabisa kwenye mifupa ya pale pa saa, wakati ile ya kidole cha pete na kidole kidogo imeachwa ilegee kidogo ili kiganja kiweze kujikunja na kushika mpini wa jembe au wa nyundo. Mtu aliyefundishwa kupiga anapiga kwa vifundo viwili vya kwanza, na mkono wa mbele umenyooka nyuma yake. Mwenye hasira anazungusha ngumi kutoka pembeni, na inafika kwa vifundo vya mwisho. Mfupa wa kidole kidogo unavunjika kwenye shingo yake, chini kidogo ya kifundo, na kichwa chake kinainama kuelekea kiganjani. Ndiyo sababu ukimwambia mgonjwa akunje ngumi unaona vifundo vitatu na cha nne kimepotea.

Baganga wanauita mvunjiko wa bondia. Jina baya, kwa maoni yetu, kwa sababu ni mvunjiko wa mtu asiyejua ngumi. Bondia anafungwa bandeji mita kadhaa kabla ya kuvaa glavu, na hata hivyo mkono wake si wa chuma. Mike Tyson, alipokuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alipigana na Mitch Green barabarani pale Harlem mwezi wa 8 mwaka 1988, bila glavu, bila bandeji, usiku. Alitoka na ufa katika mfupa wa mkono wa kuume, na pambano lake na Frank Bruno likasogezwa mpaka mwezi wa 2 mwaka 1989. Kama mkono wa Tyson ulipasuka kwenye uso wa mtu, ule ukuta wa matofali ya parsele yako utashinda.

Kuna habari njema ndani ya ule ulegevu. Kwa sababu mfupa wa kidole kidogo unacheza, mkono unasamehe ukiunga umeinama. Hata ukibaki umeinama karibu digri 40, mwenye mkono kwa kawaida atashika, atabeba, ataandika kama zamani. Kwa kidole cha pete msamaha unashuka mpaka karibu digri 30, kwa cha kati karibu 20, na kwa cha shahada ni 10 au 15 tu, kwa kuwa ile mifupa miwili haina uchezo wa kufidia. Njo maana watu wawili wanaweza kutoka na radio zinazofanana machoni pa jirani, mmoja akafungwa plasta na kurudi nyumbani, mwingine akaambiwa juu ya upasuaji. Hakuna upendeleo hapo.

Lakini kuna jambo moja ambalo mkono hausamehi, nalo ni kidole kujisokota. Radio inaweza kukosa kulionyesha vizuri, macho yanaliona. Kunja vidole polepole, vyote pamoja, mpaka nusu ya ngumi. Vidole vinne vyenye afya vinaelekea sehemu moja, kwenye mzizi wa kidole gumba. Kama kidole kidogo kinapanda juu ya cha pete, au kinakimbia nje peke yake, mfupa umezunguka. Angalia pia kucha, ulinganishe na mkono mwingine. Mfupa ukiunga hivyo, kila ukikunja mkono kidole kimoja kitakanyaga kingine, na kuutengeneza baadaye ni kuuvunja tena. Hapa hata digri chache ni nyingi. Mtu yeyote anaweza kukiangalia hiki nyumbani, na kinatosha kumfanya asiendelee kungoja.

Saa za kwanza, kabla ya hospitali, kazi ni ndogo. Vua pete mara moja, kabla uvimbe haujaifunga. Tumeshaona pete za ndoa zikikatwa kwa koleo na mama akilia zaidi ya mgonjwa. Inua mkono juu ya kifua, hata usiku, kwa mto. Barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa dakika 15 au 20, kisha pumzika, kisha tena. Moto wa SNEL ukiwa umekatika, nunua sashe ya maji baridi kwa mama wa barabarani, inafanya kazi ile ile. Parasetamoli kwa maumivu. Na usikubali kukandwa kwa maji moto. Najua bibi alifanya hivyo, najua inatuliza kidogo, lakini maji ya moto siku ya kwanza yanaongeza uvimbe, na kukanda mfupa uliovunjika kunausogeza.

Hospitalini, pale Sendwe au kwenye Kliniki za Chuo Kikuu au kwenye kituo chochote chenye mashine ya radio, wataomba picha kutoka pande zaidi ya moja, kwa sababu ukiuangalia kutoka juu peke yake mfupa ulioinama unaweza kuonekana umenyooka. Kama umeinama kupita kiasi, kidole kinatiwa ganzi na munganga anaurudisha: anakunja kifundo mpaka digri 90, anakunja kiungo kinachofuata vile vile, halafu anatumia kidole chenyewe kama mpini wa kukisukuma kichwa cha mfupa kirudi juu. Ni njia aliyoiandika munganga Jahss mwaka 1938 na bado inafanya kazi. Kosa ni kuuacha mkono umefungwa katika mkunjo ule ule kwa wiki kadhaa; ngozi juu ya kifundo inaweza kuoza na kidole kinakauka.

Mkao wa plasta una maana kubwa, na hapa mgonjwa anaweza kuwa macho yake mwenyewe. Mara nyingi si plasta nzima. Ni nusu, ile tunaita atele, inayotoka chini ya kiwiko mpaka ncha za kidole kidogo na cha pete, na vidole vingine vinabaki huru. Pale pa saa mkono umeinuliwa kidogo kuelekea nyuma. Vifundo vya ngumi vimekunjwa, kati ya digri 70 na 90. Vidole vyenyewe vimenyooka. Ukiutazama kutoka upande unafanana na mdomo wa bata. Watu wanashangaa juu ya nini wasinyooshewe tu mkono wote kwenye ubao, si ingekuwa rahisi? Sababu ni kamba za pembeni za kifundo. Kifundo kikikunjwa zinakuwa ndefu, kikinyooshwa zinalegea. Ukizifunga zikiwa zimelegea wiki tatu, zinafupika, na siku ya kutoa plasta kifundo kinakataa kukunjika. Mfupa umeunga vizuri kabisa, na mkono hauwezi kushika kikombe.

Kwa mvunjiko mwepesi wa kidole kidogo, usiosokotwa wala kuinama sana, huenda munganga asikupe plasta kabisa. Atafunga kidole kidogo pamoja na cha pete kwa plasta ya kubandika, na kipande cha pamba katikati ili jasho lisichubue ngozi, na atakuambia uanze kukikunja na kukinyoosha polepole. Usimwone kama amekudharau. Mapitio ya utafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2005 hayakuona namna moja ya kufunga mvunjiko huu inayozidi nyingine. Tunajua kwamba kwa watu wetu hospitali isiyokupa kitu kizito cha kuonyesha nyumbani ni kama haikutibu. Lakini kidole kinachosogea mapema ni kidole kitakachosogea baadaye.

Kidole gumba ni habari nyingine. Ngumi ikitua vibaya, na hasa kama mtu ameficha gumba ndani ya ngumi au amelitokeza pembeni, mfupa wake unaweza kuvunjika kwenye mzizi, ndani ya kiungo. Edward Bennett wa Dublin aliueleza mvunjiko huu mwaka 1882 na unabeba jina lake mpaka leo. Kipande kidogo kinabaki mahali pake na mfupa uliobaki unavutwa nje na misuli, kwa hiyo plasta peke yake mara nyingi inashindwa kuushika, na mgonjwa anawekewa pini za chuma. Gumba ni karibu nusu ya kazi ya mkono. Maumivu kwenye mzizi wake baada ya ngumi yasipewe wiki ya kungoja.

Upasuaji unaweza kuhitajika pia pale kidole kimejisokota na hakirudi, pale mfupa umetoka nje ya ngozi, pale mifupa miwili au mitatu imevunjika pamoja. Sehemu kubwa ya wengine wanatibiwa bila kisu.

Tuseme kidogo juu ya wazee wanaofunga mifupa mtaani, kwa sababu wengi watapita kwao kabla ya kwetu, na wana sababu zao: wako karibu, wanapokea franka kidogo kidogo, wanamsikiliza mtu. Hatuna ugomvi nao. Hatari iko katika kukaza. Vijiti vilivyofungwa kwa nguvu juu ya mkono unaoendelea kuvimba vinafunga damu, na mkono usiopata damu unakufa kwa saa, sio kwa wiki. Na plasta ya hospitali inaweza kufanya vile vile. Vidole vikiwa baridi au vyeusi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, hasa mtu mwingine akikunyooshea vidole taratibu, rudi ulikofungwa usiku huo huo, wafungue. Usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye fishi.

Plasta inakaa kwa kawaida wiki 3, mara 4. Kama mfupa ulirudishwa, radio nyingine inapigwa baada ya wiki 1 kuona kama haukuteleza, na hii njo radio watu wanairuka juu ya pesa. Tungeomba, kama pesa haitoshi kwa kila kitu, hii isiwe ya kukatwa: wiki ya kwanza mfupa bado unaweza kusogezwa, baada ya wiki ya tatu umeshaamua. Usishangae kama radio ya mwisho bado inaonyesha mstari. Mfupa wa mkono unashika kabla picha haijakubali. Munganga anabonyeza, kama hakuna maumivu tena pale pale, anatoa.

Siku plasta inatoka mkono unakuwa mwembamba, mkavu, mgumu. Hapa sasa maji ya uvuguvugu ya bibi yanaruhusiwa. Tumbukiza mkono, kunja ngumi polepole, fungua kabisa, mara 10, na urudie hivyo mara kadhaa kwa siku. Kushika kikombe na kalamu kunawezekana karibu mara moja. Nyundo, gunia la unga, moto ya teksi kwenye barabara zetu zenye mashimo, ngoja karibu wiki 6. Kwa mwenye kufanya ngumi kama mchezo, hata ukijisikia mzima, mfuko wa mazoezi ungoje miezi 2 au 3, na mwalimu akufundishe upya ni vifundo gani vinapiga.

Kile kifundo kilichopotea kwa kawaida hakirudi. Mgongoni mwa mkono kunabaki kinundu kidogo ambacho mke atakuuliza, na mafundi wengi wa Kenya na Katuba wanacho na wanafunga boliti kutwa nzima bila kukumbuka ni mkono upi.